Makoti Matatu

Kwenye ramani ya saa tisa alasiri mistari imebanana
kusini mwa Msumbiji, kama mikunjo ya shuka
inayovutwa na mmoja kati ya wawili kitandani.
Nyuma yake kuna bahari, nyuma ya bahari barafu
nisiyoiona wala sitaiona,
ila pumzi yake naijua:
hupanda Iringa, huvuka Mtera,
huingia Dodoma mwezi wa sita bila hodi,
vumbi kinywani.

Naandika: upepo mkali wa kusini-mashariki,
kilomita hamsini kwa saa, usiku wa Jumatano kuanzia saa mbili.
Naandika: kiwango cha chini, nyuzi tisa.
Naandika: upepo ukilala, ndipo baridi itakapoamka.

Hiyo ya mwisho waliikata ofisini.
Inachanganya watu, wakasema.
Jioni mtangazaji akasoma "baridi ya wastani",
akaweka muziki.

Wastani wa nani?

Mama akapiga simu kutoka Mlali.
"Wewe wa serikali. Mtama wangu uko juu ya tembe.
Niushushe?"
Shusha, mama.
"Mwaka juzi ulisema mvua, nikapanda karanga."
Nikanyamaza. Karanga zile ziliota,
zikafika majani manne, zikakauka.
Nakumbuka yalikuwa manne. Kuhesabu ndiyo kazi yangu.
"Basi nitashusha nusu," akasema,
akakata.

Ndahani mlinzi haulizi nyuzi.
Nyuzi kwake ni za kushonea.
Kila jioni huegemea dirisha langu na rungu lake:
"Leo makoti mangapi?"
Nami hujibu moja, au hata hilo liache nyumbani,
na hajawahi kuninunia nikikosea.
Jumatano nikamwambia: matatu.
Akajitazama kifuani.
"Ninalo hili."

Saa mbili, kimya. Saa tatu, kimya.
Mwarobaini wa getini haukutikisa hata jani la kunidanganyia.
Nilitoka mara tano kulinusa giza
kama mpishi aliyesahau chumvi.
Saa nne na dakika kumi ukaja,
wote kwa pamoja, na mabati ya jirani,
na bango la duka la simu, na mifuko ya saruji mitupu;
kipimaupepo, kikombe kimoja kina ufa,
kikalia kama mtoto mwenye sikio.
Daftari lilijaa mchanga. Nilihisi unasaga kwenye meno
nilipotamka namba ili nizisikie mwenyewe:
arobaini na nane. Hamsini na tatu.

Saa nane ukakatika kauli.

Wanasema dalili ya mvua ni mawingu.
Dalili ya baridi ni kukosekana kwake:
mbingu tupu, nyota zimeoshwa,
ardhi inaachia joto la mchana
na hakuna blanketi juu la kulirudisha.
Nilimwona Ndahani kwenye taa ya geti
akirukaruka mahali pamoja, kimya,
asinisumbue.

Nikavua langu. Hilo la pili.
La tatu tulilichomoa juu ya jenereta,
turubai, lina mafuta, akajifunga kamba kiunoni
akasema, "Sasa utabiri umetimia."
Nikarudi ndani na shati langu la mikono mifupi.

Alfajiri nikafungua kibanda cheupe cha vipimo.
Saba nukta nne.
Nimekosea kwa moja na nukta sita,
na kwa saa mbili na dakika kumi,
nikaviandika vyote, kwa kalamu isiyofutika.

Ujumbe wa mama: Nusu imo ndani.
Nusu kuku wa jirani wanaifuata bondeni.
Usiseme neno.

Sikusema.

Ndahani akaleta koti, amelikunja kwa adabu,
linanuka mkaa na ugoro.
"Na leo?"
Ramani mpya ilikuwa mezani, sijaigusa.
Nililivaa kwanza. Lilikuwa bado na joto lake,
ambalo sikulipima.